Kipimo cha Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa kulalamika, na nalisema hilo kwa hasira, si kwa sifa. Kwetu wakimkumbuka huanzia hapo hapo: mzee yule alikuwa mvumilivu, hukumsikia hata siku moja akisema naumwa. Mimi natikisa kichwa tu na kuendelea kumenya ndizi. Najua uvumilivu ule nusura uue mtu, na mtu mwenyewe hakuwa baba.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na mwishoni mwake vita vya Kagera. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye migomba yetu ya mlimani, tukapangwa kwenye mstari kando ya barabara, kijiji kipya upande wa Kasulo, wilaya ya Ngara. Baba hakupenda. Shamba la kijiji alilima, lakini alikuwa maarufu kwa kufika amechelewa na kuondoka mapema, na mwenyekiti akimuuliza alijibu kwa heshima zote kwamba jembe lake lina mpini mbovu. Mpini ule ulikuwa mbovu misimu yote. Moyo wake ulikuwa kwenye migomba aliyoiacha, na kila wiki alipanda mlima kwenda kuipunguza majani, akarudi jioni na mkungu kichwani.

Migomba ndiyo iliyotuonyesha kwamba anaumwa. Kwanza alianza kupumzika njiani. Halafu akawa analala huko huko kwa jamaa na kurudi kesho yake. Halafu akarudi mikono mitupu, akasema ndizi bado changa, na mama akamtazama tu, maana alijua ndizi zake zilivyokuwa. Tumbo lilikuwa limeanza kujaa upande wa kushoto, chini ya mbavu, huku mwili mwingine wote ukikauka. Asubuhi shuka lake lililowa jasho, nasi tukalianika uani kama la mtoto mchanga.

Tulisema ni bandama la malaria, kama ambavyo kila mtu angesema. Fundi mmoja wa mitishamba akaitwa kumchanja chale juu ya uvimbe. Chale zile kwa watu wengine hukauka kabla fundi hajamaliza kunywa pombe yake. Za baba zilitoka damu mpaka kesho yake, zikaharibu mashuka mawili, na fundi mwenyewe akasema huyu mpelekeni hospitali, mimi sitaki kesi. Namheshimu mpaka leo kwa maneno hayo.

Nilimsindikiza mimi. Nilikuwa binti wa miaka kama kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba, nafundisha kisomo cha watu wazima kijijini, na nilikuwa na mdomo. Ndugu zangu walikuwa na wake na waume. Mimi nilikuwa na nafasi. Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, upande wa Biharamulo. Tulipimwa damu, tukasubiri, tukapelekwa hadi ng'ambo ya ziwa kwa madaktari wakubwa, na huko tukaambiwa ni kansa ya damu. Chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kulinda mwili, zilikuwa zinazaliwa kwa fujo na kuujaza mwili mpaka zinakosa pa kukaa. Baba alipewa vidonge, vikamsaidia mwaka mzima, akarudi kupanda mlima wake. Halafu vikaacha kumsaidia. Tumbo likarudi, jasho likarudi, na vita vikaanza.

Vita vilipoanza, kila chenye magurudumu kilikwenda navyo. Malori ya ushirika yalibeba askari, feri ilivusha vitu vya jeshi, na sisi wa upande huu wa ziwa tulibaki kama kuku waliofungiwa nje. Basi daktari aliyekuwa akimtibu baba ng'ambo akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwembamba vile. Alidandia lori la jeshi na hadubini yake ndani ya blanketi, akaja Biharamulo kwenye hospitali ile ya misheni, akaomba chumba cha mwisho wodini kwa ajili ya wagonjwa wake ambao hawawezi kuvuka. Alikuwa Mtanzania wa mikoa ya kaskazini, amesoma nchi za nje, na alitembea kana kwamba kila mlango unataka kufungwa kabla hajaufikia.

Alimwita baba, na mimi nikaingia nyuma yake bila kuitwa. Alizungumza wazi, na ninamshukuru kwa hilo.

"Mzee, dawa ya kwanza imechoka. Ipo nyingine, mpya. Nitakwambia ninachokijua, nacho si kingi. Imejaribiwa kwa wanyama. Watu walioimeza mpaka sasa ni wachache mno. Kipimo chake bado hatukijui."

"Hamkijui namna gani?" baba aliuliza.

"Tunaanza na kidogo. Aliyetangulia akivumilia vizuri, anayefuata anapewa zaidi kidogo. Tunapanda hivyo hivyo, mtu kwa mtu, mpaka tuone mahali mwili unapokataa. Hapo tunasimama."

"Na wa kukataliwa huko juu ni nani?"

"Hatujui, mzee. Ndiyo maana nakuuliza, sikuamuru. Inaweza kukusaidia. Inaweza isikusaidie kabisa, ikaja kumsaidia mtu mwingine baadaye. Inaweza kukudhuru: damu kupungua mno, homa, kutapika, na mengine ambayo bado hatujayaona. Ukikataa nitaendelea kukutunza kwa nilivyo navyo."

"Ulivyo navyo ni nini?"

"Vya kupunguza maumivu. Na damu, nikiipata."

Baba aliomba tutoke nje. Tulikaa kwenye ukingo wa saruji, msafara wa malori ukapita kuelekea kaskazini, askari wakipunga mikono. Nilikuwa nalia na nimekasirika, nikamwambia asikubali, yeye si sungura wa kujaribiwa dawa. Baba alicheka, kicheko chake kile cha puani.

"Miaka yote mwenyekiti ananiambia nilime kwa ajili ya wengine," akasema. "Nikawa simwelewi. Shamba lenyewe nilikuwa silioni ni la nani. Hili naliona, ni mwili wangu. Na mavuno yakipatikana nitakuwa wa kwanza kula."

"Na yasipopatikana?"

"Basi watakaolima nyuma yangu watajua pale pana mawe. Usilie, mwanangu. Hata nikikataa, bado nakufa. Tofauti ni kwamba nitakufa sina kazi." Akanyanyuka, akaingia ndani kukubali.

Chumba cha mwisho kilikuwa na vitanda vichache na pazia la shuka katikati. Upande mmoja alilala baba. Upande wa pili alilala mama kijana wa Kisukuma, ambaye yeye na mumewe walikuwa wamehamia kwenye mapori ya Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alikuwa na ugonjwa ule ule, tumbo lile lile, na mtoto wa kunyonya ambaye mama mkwe wake alimbeba mgongoni kutwa nzima kwenye baraza. Dawa ya zamani ilikuwa imemkataa yeye naye. Yeye ndiye angefuata baada ya baba. Alipewa zamu kama tunavyopanga mitungi kwenye bomba, na kama mitungi, hakuwa na la kusema juu ya anayemtangulia.

Walipendana mara moja, wale wawili. Kila asubuhi alimwamkia baba kwa magoti, kitandani kwake hapo hapo, "Mwangaluka, baba," na baba akajifunza kumjibu. Mchana alimtumia michembe iliyochemshwa, viazi vyake vikavu vya Kisukuma, kwa mkono wangu. Baba, mtu wa ndizi na maharage tangu anazaliwa, alimtania kupitia pazia.

"Binti yangu, kwenu viazi mnavikausha kwanza ndipo mnavilowesha tena. Hamwoni mnajisumbua?"

"Baba, kwenu ndizi mnaziivisha chini ya aldhi, mnazikanyaga, mnazinywa. Nani anasumbuka?"

Vidonge vilianza. Kila asubuhi daktari alimtoa baba damu kidoleni, akaitazama kwa hadubini, na baada ya muda si mrefu akaanza kuonyesha uso wa mtu aliyelala vizuri. Chembe zile za fujo zilikuwa zinapungua. Hata mimi, nisiyejua kusoma damu, niliona tumbo la baba likishuka. Nilipomfungia shuka kiunoni nililizungusha zaidi. Jasho likakoma. Jioni moja alisema ana njaa, nikatoka mbio hadi jikoni kwa furaha, nikakuta sijui nimekuja kuchukua nini.

Lakini kulikuwa na mambo mengine, na hayo hadubini haikuyaona. Siku moja, nikitandika kitanda, nilikuta michembe chini ya mto. Ya jana na ya juzi, imekauka tena. Nikamwuliza, akasema imemshinda ladha. Nikamwambia afungue mdomo. Alikataa kama mtoto, nikamshika kidevu. Ndani kulikuwa na vidonda vyeupe mashavuni na kwenye ulimi, na fizi zilikuwa na damu. Alikuwa anameza damu ile ili asiteme mbele ya watu.

Baada ya hapo nikaanza kumchunguza kama askari. Nikaona kwamba hafungi tena vifungo vya shati. Alikuwa anaacha wazi na kusema joto. Nikampa kikombe, akakishika kwa viganja viwili. Nikamfinya ncha ya kidole, hakujua nimemfinya. Miguu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Alisema anatembea kama aliyevaa viatu vya pamba. Na asubuhi kabla sijaja kutoka jikoni alikuwa anatapika kwenye kopo, analifunika, analisukuma chini ya kitanda.

"Umemwambia daktari?"

"Daktari ana kazi nyingi."

"Anakuja hapa kila siku, baba. Anakuuliza."

"Ananisalimia," akasema baba.

Na kweli. Nilikaa kando nikasikiliza kwa makini kesho yake. Daktari aliingia, akasimama kwenye miguu ya kitanda. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." "Habari za leo?" "Nzuri, daktari." "Umelalaje?" "Salama kabisa." "Kuna tatizo lolote?" "Hakuna, tunamshukuru Mungu." Daktari akaandika, akapita pazia, na upande wa pili nikamsikia akimwambia sista wa wodi kwa sauti ya kuridhika kwamba mzee amevumilia vizuri sana, hakuna alama ya kukataa, kwa hiyo mama huyu ataanza juu ya kipimo cha mzee. Siku si nyingi.

Mama yule alikuwa nusu ya uzito wa baba.

Inabidi nieleze hapa jambo la kwetu, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kwetu mgeni akisimama mlangoni na kuuliza habari, jibu ni moja: amahoro, nzuri. Hata kama nyumba imeungua jana na wewe umesimama kwenye majivu. Aliyesimama ni mpita njia, na mpita njia huwezi kumtwisha mzigo wako akaondoka nao. Ni utovu wa adabu. Kwanza analetewa kigoda. Anakaa. Anapewa maji, au pombe kama ipo. Mnanyamaza kidogo, mnatazama nje, mnasema juu ya mvua. Ndipo mwenyeji anapovuta pumzi na kusema, "Ila," na habari zenyewe zinaanza. Mtu anaweza kushinda kwetu siku nzima akiwa amesimama na asijue kwamba mtoto wa nyumba hiyo anakufa.

Daktari yule hakuwahi kukaa. Wala hakuwa na pa kukaa. Viti vya wodi vilikuwa vimehamishiwa upande mwingine. Alisalimia kwa adabu zote za kitabuni, shikamoo yake ilikuwa safi kuliko ya watoto wa kwetu, na baba alimjibu kwa adabu zote za kwetu. Kati ya adabu hizo mbili mtu alikuwa anakwenda kupewa sumu.

Nikamvaa baba. Niliongea Kihangaza, lugha yetu, kwa sauti ya chini, ili upande wa pili wasisikie.

"Unajua wanampa yule dada zaidi yako?"

"Najua."

"Kwa sababu umesema salama."

Akavuta shuka hadi kidevuni.

"Data," nikamwita, yaani baba kwa lugha yetu, "kesho utasema. Kama husemi, nasema mimi."

"Mtu hajakaa, nitamwambia nini? Nimtapikie maneno mgongoni akiwa anaondoka?"

"Usinidanganye kwa kigoda!" Nilikuwa nimepandisha sauti, nikaishusha. "Kuna kingine. Kipo. Nakujua."

Aligeuka akatazama ukuta. Halafu akasema, bila kugeuka, kwamba tumbo lake limeshuka. Kwamba juzi alikwenda chooni bila kushika ukuta. Kwamba alikuwa ameanza tena kuifikiria migomba, mgomba mmoja mmoja, upi wa kuukata na upi wa kuuachia mtoto. "Nikimwambia haya ya mdomo na vidole," akasema, "ataninyang'anya dawa. Ndivyo alivyosema mwenyewe siku ile. Mwili ukikataa, tunasimama."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Haikuwa adabu peke yake. Adabu ilikuwa mlango mzuri wa kujificha nyuma yake. Baba alitaka kuishi, na dawa iliyokuwa inamvunja ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inamrudisha. Nilimpenda sana wakati ule. Nilikaa kitandani nikamshika vidole vyake visivyohisi, nami sikuwa na hakika tena kwamba nataka aseme. Nitakuwa mwongo nikiandika vinginevyo.

Upande wa pili wa pazia mtoto alikuwa amepewa ziwa, akawa ananyonya kwa kelele, na mama mkwe anamcheka. Baba alisikiliza.

"Kamtafutie daktari kitu cha kukalia," akasema.

Nilihangaika. Viti havikuwepo, sista alikataa kunipa cha ofisini. Nikaenda hadi jikoni kwa wanaouguza, nikamwomba mama mmoja kigoda chake cha kupikia, cheusi kwa moshi, kimelegea mguu, nikakifuta kwa kanga yangu. Asubuhi nikakiweka kando ya kichwa cha baba, siyo miguuni.

Daktari aliingia na haraka yake. "Shikamoo, mzee. Habari za leo?"

"Marahaba. Nzuri, daktari. Karibu ukae."

"Ahsante mzee, sina muda, lori la kunipeleka kufuata damu linaondoka saa nne."

"Kaa, daktari," nikasema mimi.

Alinitazama. Hakuna aliyewahi kumsemesha vile wodini, nadhani, na hasa msichana wa kisomo aliyevaa kanga yenye masizi. Baba alifumba macho kwa aibu. Lakini daktari alikaa, labda kwa mshangao tu, magoti yake yakamfika kifuani maana kigoda kilikuwa kifupi. Nikampa maji kwenye kikombe cha bati. Alikishika, hakujua akifanye nini, akanywa.

Kimya kilikuwa kirefu. Daktari alifungua mdomo mara moja, nikamtikisia kichwa, akaufunga. Nje malori yalikuwa yanapasha injini moto.

"Mvua mwaka huu imechelewa," baba akasema.

"Imechelewa kweli, mzee."

"Ila," akasema baba. Na akaanza. Alianza na vidole vya miguu, akapanda. Alieleza ganzi kama mtu anayekuonyesha mpaka wa shamba lake, imefika hapa, jana ilikuwa hapa, asubuhi inasogea, mchana inarudi. Alieleza vidonda, damu, kopo la chini ya kitanda. Alieleza kwamba macho yake jioni yanaona vitu viwili viwili, jambo ambalo hata mimi sikulijua. Aliyasema yote bila kulalamika, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza habari za mpini wa jembe, na alipomaliza akaongeza, "Na yule binti ni mdogo kwangu. Mbele yangu pana mawe. Nimeyagonga."

Daktari hakuandika chochote. Kalamu ilikuwa mfukoni. Alimshika baba mkono, akafinya kidole kimoja kimoja akiuliza, hapa? hapa? na baba akasema hapana, hapana. Aliondoka amechelewa lori lake. Kabla hajatoka alisimama mlangoni, na nikaona kwamba naye macho yamemjaa machozi.

"Itabidi tusimame, mzee," alisema.

"Najua," akasema baba.

Alisimamishiwa dawa siku hiyo hiyo, na mama yule hakuanzishiwa. Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Vidonda vya mdomo vilipona, baba akala michembe hadharani na kuikashifu, lakini shuka nililizungusha pungufu kila siku, na mwisho likarudi pale lilipokuwa. Jasho likarudi. Upande wa pili mama kijana alikuwa anadhoofika akisubiri, na mama mkwe alianza kunitazama vibaya, kwa sababu kwake yeye ni sisi tuliomzuilia dawa. Siku moja aliniambia usoni, "Baba yako amekura dawa yake akashiba, ya mwenzake akaifungia." Sikumjibu, na hiyo kwangu ni ajabu.

Sipendi kumwacha mtu akining'inia, kwa hiyo niseme mapema. Baba alirudishiwa dawa ile kwa kipimo cha chini, akaishi. Alipanda tena mlima, misimu kadhaa, na vidole vyake havikurudi sawa hadi kufa kwake. Vifungo alifungiwa na mama, naye akajifanya ni mapenzi. Mama yule wa Kisukuma aliishi mpaka mtoto wake akaanza shule na zaidi. Wote wawili ugonjwa uliwarudia mwishoni, maana dawa ile haikuwa ya kuung'oa, ilikuwa ya kuusukuma mbali. Lakini ilisukuma. Nasikia baadaye ilipewa wengi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi, na mtu akaisoma na kumeza dawa bila kujua karatasi ile imetoka kwa nani. Siku hizi watu wakiniuliza kama ndugu yao mgonjwa akubali dawa ya majaribio, huwa siwaambii ndiyo wala hapana. Nawauliza kama wanaye daktari anayekaa chini.

Siku daktari aliyorudi kwetu na kipimo kipya, cha chini, vita vilikuwa vinaelekea mwisho, redio ya sista ilikuwa inapiga nyimbo, na watu wa wodini walikuwa wachangamfu bila sababu yao wenyewe. Daktari alikaa kwanza kwa baba, halafu kwa mama yule, na kwa wote wawili alieleza upya yote, hata yale mabaya, hasa yale mabaya. Akamwekea mama kijana vidonge kiganjani. Vilikuwa vichache kuliko vya baba vya mwanzo, na vidogo.

Mama hakuvimeza. Alivitazama. Mama mkwe akamhimiza, daktari akamwambia ana haki ya kukataa, na yeye akawa bado anavitazama. Halafu akaomba pazia lisogezwe. Nililivuta mimi. Baba alikuwa ameegemea mto, amekonda, tumbo limejaa, mkononi ana vidonge vya kwake.

"Baba," akasema yule mama, "hivi ni salama?"

Nilimwona baba akifungua mdomo kusema neno lile alilozoea, na nikamwona akilirudisha.

"Si salama," akasema. "Vitakutapisha. Lakini hapo nimeshapita, hapaui." Akatupia vyake mdomoni, akameza, akamwonyesha ulimi.

Mama yule akacheka, akameza.